Mkono Wako Ulijifunzaje Kuandika? Siri Imo Ubongoni

KABLA hujaendelea na ukurasa huu, hebu tafuta kalamu na kipande cha karatasi. Andika jina lako kama ulivyozoea. Kisha hamishia kalamu katika mkono wa pili, ule usioutumia kuandika, uliandike jina lilo hilo tena.

Umeona? Jina la kwanza limetiririka kabla hata hujalifikiria. La pili limepinda, limelala upande, na pengine ulitoa ulimi nje kwa bidii kama mtoto wa chekechea.

Akili yako inazijua vyema herufi zote za jina lako. Mkono wako wa pili una vidole vitano, misuli na mifupa sawa na ya mwenzake. Je, umekosa nini basi?

Ulichokosa hakimo mkononi kamwe. Kimo ndani ya fuvu la kichwa chako, katika kiungo chenye uzani wa kilo 1.4 hivi. Kiliandikwa humo kwa msaada wa kemikali, polepole, kwa miaka mingi ya kukosea na kurekebisha.

Jambo hili linaigusa kila familia. Mzazi anayemfokea mtoto kwa kushindwa kupanda baiskeli, na jamaa wanaomnong'ona mzee ambaye mikono imeanza kutetemeka, huenda wote hawajui kwamba mbele yao wanaona kazi ya kemikali moja.

CHEREHANI YA MJOMBA

Mjomba wangu alikuwa fundi wa nguo barazani mwa duka moja mjini Voi. Likizo moja, nikiwa na umri wa miaka 12, nilimwomba anifundishe kushona. Cherehani yake ilikuwa Singer ya kukanyaga kwa miguu.

Aliyewahi kuikalia mashine ya aina hiyo anaijua taabu yake. Miguu inakanyaga kwa mpigo mmoja, mkono wa kulia unalianzisha gurudumu, wa kushoto unaongoza kitambaa. Siku ile ya kwanza gurudumu lilinirudia nyuma mara kwa mara, uzi ukakatika, na mwishowe sindano ikavunjika.

Mjomba hakunifokea. Aliutoa uzi, akaniwekea karatasi tupu na kuniambia nitoboe mstari tu. Kila nilipokanyaga sawasawa alisema papo hapo, "Hapo!" Nilipokosea alinyamaza.

Magharibi ilipofika, nami machozi yakinilengalenga, aliifunika mashine. "Nenda ukalale, mwanangu," akasema. "Kesho miguu itakuwa imekumbuka."

Kesho yake nilipokanyaga, gurudumu lilikwenda mbele. Wakati huo nilidhani ni bahati. Leo, baada ya kusoma yale ambayo wataalamu wamegundua kuhusu ubongo, naona kwamba mzee yule aliyeishia darasa la saba alikuwa akifundisha kwa namna ambayo ubongo wenyewe hupenda kufundishwa.

KUMBUKUMBU ZA AINA MBILI

Huko Marekani kulikuwa na mtu aitwaye Henry Molaison aliyekuwa na kifafa kikali. Mwaka wa 1953 madaktari walimfanyia upasuaji na kuondoa sehemu fulani za ndani ya ubongo wake. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza kutia kumbukumbu mpya akilini. Aliyemsalimia asubuhi, akatoka na kurudi, alionekana kwake kuwa mgeni.

Mtaalamu mmoja kutoka Kanada, Brenda Milner, alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Jaribu nyumbani uone ilivyo vigumu: unataka kwenda kushoto, kalamu inakwenda kulia.

Molaison aliirudia kazi hiyo kwa siku tatu. Kila siku alisema hajawahi kuiona. Hata hivyo mkono wake ulizidi kuimarika, na makosa yakapungua siku baada ya siku. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1962.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba ubongo una zaidi ya ghala moja la kumbukumbu. Moja huweka mambo tunayoweza kuyasimulia, kama vile jina la mwalimu wako wa kwanza. Jingine huweka mambo ambayo mwili hutenda: kupanda baiskeli, kusukuma chapati, kufunga kamba za viatu, kupiga chapa bila kutazama herufi.

Ndiyo maana mwenye ujuzi mara nyingi hushindwa kuueleza. Mwulize mama anayesukuma chapati za duara kamili anafanyaje, naye atakwambia, "Wewe tazama tu." Hakunyimi siri. Ujuzi wake umekaa mahali ambapo maneno hayafiki kwa urahisi.

MJUMBE WA UBONGONI

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizi hazigusani moja kwa moja. Mara nyingi, seli ikitaka kuipasha mwenzake habari, humwaga kemikali katika mwanya mwembamba ulio kati yao, na ile ya upande wa pili huipokea.

Kemikali hizo ni nyingi, na kila moja ina kazi zake. Glutamati ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya kila siku kati ya seli. Asetilikolini ndiyo inayofikisha amri kwenye msuli ili kidole kikunjwe au mguu uinuke. Lakini kwa yule anayejifunza kazi ya mikono, mjumbe wa kutazamwa sana ni dopamini.

Watu wengi wameisikia dopamini ikiitwa kemikali ya raha. Jina hilo halitoshi. Katika miaka ya 1990 mtaalamu Wolfram Schultz, akifanya kazi Uswisi, alisikiliza seli za dopamini katika ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa matone ya maji ya matunda.

Tone lilipokuja bila kutarajiwa, seli hizo zilichachawa. Nyani walipokwisha kujifunza kwamba taa ikiwaka tone litafuata, seli zilichachawa taa ilipowaka, na tone lenyewe lilipokuja hazikushughulika nalo. Na taa ilipowaka kisha tone lisije, seli hizo zilinyamaza wakati ule ule tone lilipotarajiwa.

Kwa maneno mengine, dopamini hutangaza tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata. Matokeo yakiwa mema kuliko ulivyodhani, huongezeka, kana kwamba inaziambia seli, "Hivyo mlivyofanya sasa hivi, viwekeni!" Yakiwa mabaya, hupungua.

Kwa hivyo, msomaji, neno la mjomba, "Hapo!", lilikuwa likifanana sana na lile ambalo ubongo wangu ulikuwa ukijiambia wenyewe. Na wakati una maana pia. Mwaka wa 2014 watafiti wa Tokyo, Japani, walionyesha kwamba katika seli za panya, dopamini huimarisha kiungo kati ya seli ikiwa tu itafika katika muda wa sekunde mbili hivi baada ya seli hizo kuzungumza. Ikichelewa, haina kazi.

Majaribio mengine, yaliyochapishwa mwaka wa 2011, yalihusu panya waliofunzwa kupitisha mguu wa mbele kwenye upenyo mwembamba ili kuchukua punje ya chakula. Panya ambao seli zao za kupeleka dopamini kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia mwendo ziliharibiwa, walishindwa kujifunza sawasawa. Waliporudishiwa dopamini kwa dawa, walijifunza.

La kustaajabisha ni kwamba panya waliokuwa wameshajua kazi hiyo kabla ya seli kuharibiwa waliendelea kuifanya. Basi katika sehemu ile ya ubongo, dopamini ilihitajika zaidi wakati wa kuandika ujuzi kuliko wakati wa kuusoma.

KOSA NI MWALIMU

Dopamini haifanyi kazi peke yake. Nyuma ya kichwa, juu kidogo ya shingo, kuna sehemu ya ubongo iitwayo serebela. Uzani wake ni kama sehemu moja tu kwa kumi ya ubongo wote, lakini ina takriban seli nne kati ya kila seli tano za neva za ubongo.

Kazi yake mojawapo kubwa ni kulinganisha mwendo uliokusudiwa na ule uliotokea. Ulitaka kikombe kifike mdomoni, kikagonga pua. Serebela hupokea habari ya kosa hilo, na safari ijayo amri hubadilishwa kidogo. Sehemu hiyo huathiriwa sana na pombe, na hiyo ni sababu moja ya mlevi kupepesuka.

Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mwili unaojifunza una jambo la kuongeza hapo. Kosa dogo linalofuatwa na jaribio jingine ndilo chakula cha serebela. Mtoto asiyekubaliwa kuyumba juu ya baiskeli ananyimwa habari ambazo ubongo wake unazihitaji.

Sasa fikiria mtoto huyo akijua kwamba akianguka atachekwa au kuzabwa kofi. Macho yake hayako tena barabarani. Yako kwa baba yake. Mwili umekakamaa, moyo unamdunda. Hata akifaulu kuendesha hatua kumi, kile anachokikumbuka ni hofu. Wengi wetu tuliacha kuogelea, kucheza ngoma au kuendesha gari namna hiyo hiyo, tukajiambia kwamba hatuna kipaji.

KAZI YA USIKU

Lile neno la mjomba kuhusu kulala nalo lina msingi. Mwaka wa 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwafunza watu kubonyeza vitufe kwa vidole kwa mpangilio fulani. Waliolala usiku kisha wakapimwa asubuhi walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 20 hivi, bila kufanya mazoezi mengine yoyote. Waliokaa macho kwa saa sawa na hizo mchana hawakupata faida kama hiyo.

Ukilala, ubongo hauzimwi kama taa. Hupitia yale ya mchana na kuyaimarisha. Mwanafunzi anayekesha ili ajue kupiga gitaa au kinanda kwa usiku mmoja anamfukuza fundi anayekuja kumalizia kazi.

Hapa vijana wetu wa vyuo na wanifahamu. Wako wanaotafuna miraa ili wakeshe. Ndani ya miraa mna kathinoni, kemikali inayozifanya seli za ubongo kumwaga dopamini. Lakini dopamini iliyomwagwa na jani haikuja kwa sababu kidole kimepata mahali pake. Ni "Hapo!" inayopigwa kelele ovyo, na juu ya hayo usingizi umeibwa.

KEMIKALI INAPOPUNGUA

Sasa turudi Voi. Miaka mingi baada ya likizo ile, mjomba alianza kubadilika. Kwanza ilikuwa daftari lake la vipimo vya wateja. Tarakimu zilizokuwa kubwa zilianza kuwa ndogo, kila mstari ukizidi kusinyaa, hadi mwanafunzi wake hakuweza kuzisoma.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka ukiwa umetulia mapajani. Mwendo ukawa wa kuburuta miguu, uso ukakosa tabasamu. Siku nyingine mguu uligoma juu ya kikanyagio, kana kwamba umesahau kazi ya miaka 40.

Wateja walisema ameanza kunywa, naye hajawahi kuonja pombe maishani. Baadhi ya jamaa wakasema amerogwa na mwenye wivu, pesa zikatumika kwa waganga. Tulipoteza zaidi ya miaka miwili kabla ya daktari kututajia jina: ugonjwa wa Parkinson.

Jina hilo ni la daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyeueleza ugonjwa huo mwaka wa 1817. Chini ya ubongo kuna seli chache zenye rangi nyeusi ambazo hutengeneza dopamini na kuipeleka kwenye vifundo vinavyoanzisha na kulainisha mwendo. Kwa mgonjwa wa Parkinson seli hizo hufa kidogo kidogo. Dalili zinapoonekana wazi, sehemu kubwa ya seli hizo huwa imekwisha kupotea.

Dunia nzima iliuona ugonjwa huu kwa Muhammad Ali. Huyu ndiye aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba, 1974, mtu ambaye miguu yake ilisifiwa kuliko ya bondia yeyote wa uzito wa juu. Mwaka wa 1984 alipatikana na ugonjwa huo. Mwaka wa 1996, mjini Atlanta, aliwasha mwenge wa Olimpiki mkono ukitetemeka mbele ya mamilioni ya watazamaji. Alifariki mwaka wa 2016.

Dawa nayo ina hadithi yake. Mwaka wa 1957 mwanasayansi wa Sweden, Arvid Carlsson, aliwapa sungura dawa iliyomaliza dopamini yao, wakalala kimya wasiweze kujongea. Alipowadunga kemikali iitwayo levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, muda si muda waliinuka. Mwaka wa 2000 alishiriki Tuzo ya Nobel.

Mwaka wa 1960 watafiti wa Vienna, Austria, waligundua kwamba ubongo wa waliokufa na Parkinson ulikuwa na dopamini kidogo mno, na mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza wakadungwa levodopa. Hadi leo dawa hiyo, ikichanganywa na nyingine, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Levodopa haiponyi, na baada ya miaka kadhaa nguvu zake hubadilika na huweza kuleta mwendo wa mwili usiotakikana. Hata hivyo, mjomba alipoanza kuimeza, tulimwona tena akifunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Shangazi alilia.

Jambo moja litawashangaza wasomaji wa Pwani. Mbegu za upupu, ule mmea unaowasha mwili mzima, zina levodopa ya asili. Wanasayansi wa India waliiona humo tangu mwaka wa 1937. Lakini tafadhali, msomaji, usikimbilie porini. Kiasi kilichomo hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu, na kukichanganya na dawa za hospitali ni hatari. Mpeleke mgonjwa kwa daktari.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitufunza jingine. Mgonjwa miguu ikigoma, mistari iliyochorwa sakafuni huweza kumsaidia kuivuka, kwa sababu macho huupa ubongo njia nyingine ya kuanzisha hatua. Mjomba aliposikia hayo alicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Akaagiza aletewe chaki yake ya kukatia nguo. Tulimchorea mistari kutoka kitandani hadi barazani, naye akaipita mmoja mmoja hadi akaifikia cherehani.

"Hapo!" nikamwambia.

UFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, gawa kazi. Kama ni baiskeli, acha mtoto asukume kwa miguu na kutafuta mizani kabla ya kuwekewa pedali. Kama ni chapati, mpe donge dogo. Ubongo hujifunza vyema pale ambapo kufaulu kunawezekana, ila hakujawa na hakika.

Pili, sifu jambo lenyewe na ulisifu mara moja. "Umeshika usukani vizuri pale penye kona" humfaa mtoto kuliko "wewe ni hodari" inayotolewa jioni mezani.

Tatu, mazoezi ya nusu saa kila siku hufaa kuliko saa nne za Jumamosi moja. Haba na haba hujaza kibaba, na kila haba hupata usiku wake wa kutulia.

Nne, usimcheke anayejifunza, awe mtoto au nyanya anayetafuta herufi kwenye simu. Wakubwa hujifunza pia, ingawa mara nyingi kwa mwendo wa polepole zaidi.

Tano, ukimwona mzee nyumbani mwandiko unasinyaa, mkono unatetemeka akiwa ametulia, au hatua zinafupika, usiseme ni uzee, pombe wala uchawi. Mpeleke hospitalini mapema.

Nayo ile karatasi yako, usiitupe. Ibandike ukutani jikoni. Kila jioni kwa wiki mbili andika jina lako mara kumi kwa mkono ule mzembe, kisha ulale. Watoto nao wajaribu, huenda wakakushinda.

Mwisho wa wiki mbili linganisha la kwanza na la mwisho. Ukiona herufi hata moja imenyooka, usimngoje mtu mwingine akusifu.